Nimepeleka springi mpya za kushushia Mark X, fundi kazikata na grainda. Gereji za Dar mnatuona mazwazwa?

Wakuu, habari za humu. Mimi sina habari njema, nina hasira tangu jana jioni, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa fujo.

Nina Mark X ile ya kwanza, GRX120. Nilitaka ishuke kidogo tu, kama sentimita tatu, lile pengo la juu ya tairi lipungue na gari itulie kwenye kona. Ya kuburuza bampa sikuitaka, naishi Tabata jamani, matuta ya kule mnayajua. Nikaagiza springi za kushushia za chasisi hiyohiyo, boksi limeandikwa GRX120, nikaongeza shokapu mpya nne na mipira yake. Nikapeleka gereji moja (siitaji, wakisoma watajijua) ambayo huko Instagram inajinadi kwamba kushusha magari ndiyo kazi yao.

Narudi jioni nakuta gari imelala. Tairi za mbele zimeingia ndani ya madigadi, kidole hakipiti. Nauliza kulikoni, fundi anacheka: "Bosi, zile springi zako hazikuwa na kitu. Tumefunga gari ikabaki juu vilevile, nikakusaidia, nimepunguza raundi moja kila upande."

Amenisaidia! Springi ambazo hazijatembea hata mita moja barabarani, kaziweka kwenye grainda bila kunipigia simu. Na simu nilikuwa nayo mkononi siku nzima.

Hela inauma, lakini kinachonichoma zaidi ni sababu aliyoikatia.

Gari kama hii ikitoka kwenye jeki hukaa juu. Tairi zilikuwa zinaning'inia, zikigusa sakafu zinang'ang'ania palepale, haziwezi kujitanua kurudi mahali pake mpaka uisukume gari mbele na nyuma na kuibonyeza bodi mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo unapima, kwa tepu, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka chini, ukubwa wa tairi na upepo vinakudanganya. Huyu bwana kashusha jeki, kaweka vidole vitatu juu ya tairi, kaona bado, kawasha grainda. Huko ni kukata miguu ya kitanda kwa sababu godoro limevimba.

Halafu kuna bushi, na hapa ndipo wanapotumaliza wengi. Bushi za kontro amu (ile mikono ya chuma inayounganisha tairi na bodi) ni mpira ulioshikana na bomba la chuma lililo katikati. Ukikaza bolti, bomba linabanwa halizunguki tena. Amu ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga na kurudi. Kwa hiyo ukazaji wa mwisho unafanyika gari ikiwa imebeba uzito wake kwenye tairi, kwenye kimo kilekile itakachotembea nacho. Nilimuuliza alikazia wapi. "Palepale juu ya jeki bosi, kwani nikazie wapi?" Basi hapo mpira ulishajinyonga kabla gari haijatoka getini, na mpira ulionyongwa hivyo unaisukuma gari juu. Yaani ile "iko juu vilevile" sehemu yake kaitengeneza mwenyewe, kisha kaja kuitibu kwa kukata springi! Na bushi zikichanika mapema utaambiwa umeuziwa feki kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Wauza spea wa watu wanabeba lawama ya mwenye spana.

Tena angalieni alipokata. Hizi springi upande mmoja raundi zimekaribiana. Huo ndio upande laini, unapokea vishimo vidogo, na ndio unaofanya springi isilegee kwenye kiti chake tairi ikining'inia. Kakata huohuo. Sasa hivi nikipita rasta kila kitu kinanipanda mgongoni, na nikishuka tuta kubwa nasikia *kang!* chini, springi inaachia kiti halafu inarudi. Ncha ya springi ilikuwa imetengenezwa ikae bapa, sasa imeachwa kisu, inakwangua kikombe cha shokapu.

Anasema raundi moja ndiyo kipimo chao kwa gari zote. Gari zote! Kwenye Impreza, mbele shokapu imesimama karibu kabisa na tairi, springi ikipungua sentimita moja gari nayo inashuka karibu sentimita moja. Mark X mbele ina amu ya juu na ya chini, shokapu imekaa kwenye amu ya chini, ndani zaidi kuliko tairi. Springi ikipungua sentimita moja, gari inashuka zaidi ya hiyo. Mtu anayejiita bingwa wa kushusha hajui hili?

Na shokapu zangu mpya zinakufa taratibu, maana pistoni inafanya kazi karibu na mwisho wa safari yake na ule mpira wa ndani unaoizuia isigonge mwisho unapigwa kila tuta. Alaimenti hakufanya, eti "haijahama". Gari ikishuka, amu zinabadili pembe na tairi zinabadili mwelekeo, haiwezekani isihame. Tairi zitalika upande wa ndani na nisijue mpaka nyuzi zionekane.

Nilipowaka, mwenye gereji akaja na suluhisho: niongeze hela anifungie koilova (shokapu na springi yake pamoja, zenye kimo cha kurekebisha) za mtumba kutoka Japani, "unapandisha na kushusha mwenyewe bosi". Nikamuuliza springi zake ni kilo ngapi. Kimya. Nikazisoma mwenyewe: mbele 14. Wakuu, 14K maana yake kila milimita moja inataka kilo 14, hizo ni za mtu anayezungusha gari kwenye uwanja, mimi nampeleka mama Muhimbili kliniki. Na zilikuwa za aina ile ambayo ukitaka kushusha unateremsha kikombe cha springi tu. Hiyo inakula safari ya shokapu kama kawaida, na ukizidisha springi inacheza. Zile ambazo bodi nzima ya shokapu inazungukia kwenye mguu wake wa chini, safari ya shokapu inabaki ileile, ndizo ningezifikiria, tena zikiwa mpya au zimefanyiwa matengenezo. Shokapu ya mtumba inayovuja mafuta hata ikiwa na rangi nzuri ni bomba tu.

Kwa barabara zetu msimamo wangu haujabadilika: springi nzuri za sentimita mbili na nusu hadi tatu, shokapu zinazoendana nazo, basi. Mpango wangu haukuwa na kosa, umeharibiwa na grainda.

Nimewaambia nataka seti mpya ya springi zilezile na bushi zote zilegezwe zikazwe upya gari ikiwa chini. Wanasema watanilipia nusu. Nusu ya nini, wakati walikata zote nne? Picha za ncha zilizokatwa ninazo, risiti ninayo, na Jumatatu narudi pale.

Anayejua gereji Dar yenye shimo au jukwaa la kukazia bushi gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, aweke eneo hapa chini. Wale wa "mbona yangu nilikata na iko poa mkuu" leo mnipitie mbali.