Mpiga dramu ni mwenye bendi au kibarua? Tuangalie yaliyowakuta Tommy na Richie wa Ramones

Wakuu, mada hii ninayo moyoni siku nyingi, na wiki iliyopita imeniamkia pale Mchikichini. Nilikuwa nachambua mtumba nikaibuka na fulana nyeusi iliyopauka. Kifuani kuna duara jeupe, ndani yake tai ameshika gongo la besiboli, na pembeni yamezunguka majina manne: Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Muuzaji aliniambia ni timu ya mpira ya Ulaya. Nikamwelewesha kwamba ni Ramones, bendi ya New York iliyoanza 1974 na kuwafungulia wengine njia ya ile roki fupi, ya kasi na ya kelele inayoitwa panki. Nembo hiyo aliichora Arturo Vega kwa kuufuatisha muhuri wa rais wa Marekani. Na huyo Tommy kwenye duara ndiye mpiga dramu.

Naomba tujadili hili: mpiga dramu ni mwenye bendi kama walivyo mwimbaji na mpiga gitaa, au ni kibarua wa kulipwa siku yake akaenda zake? Mimi nasema ni mwenye bendi, hata akiingia baadaye, na nitaeleza kwa nini.

Tommy alizaliwa Budapest, Hungaria, 1949, kwa jina la Tamás Erdélyi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi kwa kufichwa na majirani. Familia ilihamia Marekani 1957, yeye akakulia Forest Hills, mtaa wa Queens, na enzi za shule alikuwa bendi moja na Johnny, ambaye baadaye ndiye mpiga gitaa wa Ramones, Tommy naye akipiga gitaa. Baadaye akawa fundi msaidizi katika studio ya Record Plant. Ramones ilipoundwa yeye alikuwa wa kuisimamia tu. Dramu alikuwa akipiga Joey. Joey alipohamishiwa kwenye kuimba, wakawajaribu wapigaji kadhaa na hakuna aliyefaa, kwa sababu kila aliyekuja alipiga kwa mbwembwe za roki ya wakati ule. Tommy akawa anawaelekeza: usipambe, piga hivi. Mwishowe akaketi yeye mwenyewe, ilhali hakuwa mpiga dramu.

Hapa ndipo watu wanapodharau. Wanasema kama mtu asiye mpigaji aliweza, basi ni kazi rahisi. Mimi nimepiga dramu tangu nikiwa kwaya ya vijana, naomba mnisikilize. Mkono wa kulia uko kwenye haihati, yale matasa mawili yanayokutana, unagonga mapigo manane kila mzunguko, mfululizo, hakuna kuruka hata moja. Wa kushoto unashuka kwenye sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali, ukihesabu moja mpaka nne ni kwenye mbili na nne. Mguu uko kwenye kiki, ile ngoma kubwa ya chini. Wimbo wa kwanza unajiona bingwa. Wimbo wa tatu kifundo cha mkono kinaanza kuwaka moto, na moto unapanda hadi kwenye kiwiko. Wa sita unatamani kuiba, ugonge moja uache moja. Ukiiba tu, wimbo unakufa pale pale: gitaa linabaki linakimbia peke yake na chini hakuna ardhi. Sasa fikirieni mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1977, jijini London, Ramones walirekodi onyesho la nyimbo 28 ndani ya muda usiofika saa moja. Aliyebeba onyesho lile mgongoni ni Tommy.

Na hakuishia kwenye kupiga. Albamu yao ya kwanza ya 1976, nyimbo 14 zisizofika nusu saa, iligharimu kama dola 6,400 na Tommy ametajwa humo kuwa mmoja wa watayarishaji. Ule wimbo wao unaoimbwa mpaka leo viwanjani, Blitzkrieg Bop, sehemu kubwa aliutunga yeye. Mwaka 1978 safari za kila siku zilimchosha, akaacha kiti cha dramu akabaki studio. Alifariki Julai 2014, wa mwisho kati ya wale wanne. Miezi michache kabla, ile albamu ya kwanza ndiyo kwanza ilikuwa imetunukiwa dhahabu Marekani, yaani nakala laki tano, miaka 38 tangu itoke.

Kuhusu Tommy nadhani hatutabishana. Ubishi unaanza kwa waliomfuata. Marky alishika fimbo 1978 hadi 1983, akarudi 1987 mpaka bendi ilipovunjika 1996. Katikati alikuwepo Richie. Alipiga albamu tatu, akatunga nyimbo zilizoingia humo, akazunguka nao zaidi ya miaka minne. Mwaka 1987 akaondoka. Alitaka naye apate sehemu ya mauzo ya fulana, akanyimwa, na fulana zilikuwa tegemeo kubwa la bendi ile. Kisha 2002, Ramones walipoingizwa kwenye jumba la heshima la roki la Marekani, walitajwa Joey, Johnny, Dee Dee, Tommy na Marky. Richie hakuwemo. Hilo linaniuma kama ndugu yangu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: waasisi walilala njaa, Richie akakuta chungu kimeshachemka. Sawa, mgao usilingane, mwasisi achukue kubwa. Lakini kati ya kidogo na sifuri pana tofauti kubwa, hasa kwa mtu aliyelitumia jukwaani jina la Ramone, ambalo wanabendi wote walijipa, na kutunga nyimbo za bendi.

Mimi mwenyewe nilipiga miaka mitatu kwenye bendi moja ya ukumbini, jina naliacha. Tulirekodi nyimbo sita. Moja ya hizo mwanzo wake ni dramu tupu, mizunguko minne kabla gitaa halijaingia, na mizunguko ile niliitunga mimi, usiku, nikigonga kwenye ndoo ili mtoto asiamke. Wimbo ukauzwa kwa ajili ya tangazo. Siku ya mgao niliitwa pembeni nikapewa nauli na kuambiwa, "Mdogo wangu, wewe si mtunzi, ulikuwa unasindikiza tu."

Karibuni.

*

Nimerudi, nimesoma michango yote, asanteni. Nijibu miwili.

Kuna ndugu ameandika kwamba mpiga dramu akiondoka unaita mwingine kesho yake, hivyo hana cha kudai. Ramones walifanya hivyo hivyo. Agosti 1987, Richie alipoondoka, walimwita Clem Burke wa bendi ya Blondie, mpigaji aliyeheshimika duniani, wakampa jina la Elvis Ramone. Alicheza maonyesho mawili tu, ikashindikana. Ufundi alikuwa nao tele, ila yale mapigo manane ya haihati yasiyopumzika hayakuwa mkono wake. Ikabidi Marky arudishwe. Kwa hiyo kiti kile hakikuwa cha yeyote apitaye.

Dada mmoja ameuliza sheria inasemaje, maana huruma hailipi kodi ya nyumba. Ameuliza vizuri. Hapa Tanzania sheria ya 1999 jina lake lenyewe ni Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki inamgusa aliyeutumbuiza ule utunzi. Kwa hiyo kusindikiza nako kunahesabika kisheria. Tatizo letu ni kwamba hakuna kinachoandikwa. Mimi sikuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba ile mizunguko minne ni yangu.

Ndiyo maana sasa nawageukia mliowahi kuongoza bendi, na mpo humu, nimewaona mkichangia. Mpiga dramu wenu mlimwandikia nini alipoingia? Au mlimwambia tu aje Ijumaa na fimbo zake?