Sanamu ya Surcouf pale Saint-Malo: tumwite haramia au la?

Swali

Wanajukwaa, salamu. Ninaandika maelezo ya picha niliyoipiga Saint-Malo, mji wa bandari ulioko Bretagne nchini Ufaransa. Juu ya ngome kuna sanamu ya nahodha Robert Surcouf (1773–1827), kazi ya Alfred Caravanniez ya mwaka 1903, ambayo imenyoosha mkono kuelekea baharini, upande waliko Waingereza, kama wenyeji wapendavyo kusema. Wao humwita «corsaire» na hukasirika ukimwita haramia. Je, kwa Kiswahili nimwite nani, na ni haki kweli kumtofautisha na haramia?

Jibu la kwanza

Ni haki. Neno haramia limebeba uharamu ndani yake, ilhali «corsaire» alipewa na serikali yake hati ya kuteka meli za biashara za adui wakati wa vita, na ngawira yake ilipaswa kuthibitishwa na mahakama kabla ya mauzo kugawanywa kati ya dola, wenye meli na mabaharia. Utaratibu huo ulikomeshwa na Azimio la Paris la mwaka 1856. Mji unamtukuza hasa kwa tukio la Oktoba 1800, alipoikwea na kuiteka meli ya Kiingereza Kent katika Ghuba ya Bengal, naye akiwa na Confiance yenye mizinga 18 tu, dhidi ya merikebu iliyoizidi yake kwa ukubwa, mizinga na watu.

Jibu la pili

Ndugu, sheria umeieleza vizuri, ila umechagua mtu asiyeifaa. Alipoiteka meli ya Kiingereza Triton mnamo Januari 1796, Surcouf hakuwa na hati hiyo. Aliondoka Isle de France, yaani Morisi ya leo, akiwa na kibali cha safari ya kibiashara. Utawala wa kisiwa ukazitwaa ngawira zake, naye akaenda Ufaransa kudai mpaka akalipwa fidia. Kabla ya hapo, akiwa nahodha wa Créole, alisafirisha watumwa ingawa Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa tarehe 4 Februari 1794. Hapo hakuna hati ya kumtetea, na waliokuwa ndani ya meli hawakuwa Waingereza.

Jibu la tatu

Mimi ni mtu wa Kilwa, na jambo hilo la Créole ndilo linalonigusa. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa sababu mashamba ya Isle de France na Bourbon, yaani Réunion ya leo, yalihitaji watu. Sisemi kwamba Surcouf alifika kwetu. Nasema kwamba bandari iliyomhifadhi ilijengwa juu ya biashara hiyo, na kwamba ile nayo ilikuwa na karatasi zilizotiwa sahihi, sahihi moja ikiwa ya mtawala wetu wenyewe.

Muulizaji

Nawashukuru, ndugu zangu. Kwa habari ya Kent nitaandika «nahodha mwenye hati ya kuteka», ingawa ni refu. Kwa Triton nitaacha neno haramia lilivyo. Créole nitaipa sentensi yake, ya kwanza kabisa chini ya picha.