Tupeane uzoefu: kusasisha databesi baada ya kupandisha toleo la Elementor

fundi_kurasa
Mnaotumia Elementor, plugini ya kujengea kurasa za WordPress, mnalijua lile tangazo la juu ya dashibodi: databesi inahitaji kusasishwa, kitufe hiki hapa, bonyeza. Tupeane uzoefu, nini kifanyike kabla ya kukigusa na wapi panaharibika.

Naanza na bakapu. Kurasa za Elementor haziko kwenye mafaili. Ziko jedwali la wp_postmeta, kwenye ufunguo `_elementor_data`, kwa JSON. Ukinakili folda ya wp-content nzima hujabeba hata kichwa kimoja cha ukurasa. Kwa hiyo, kwa WP-CLI (amri za WordPress kwenye terminali):

`wp db export kabla.sql`

halafu `tail -1 kabla.sql`. Ukikuta mstari unaoanza na "-- Dump completed", bakapu imefika mwisho. Ukikuta imekatika katikati ya INSERT, diski imejaa au muda umeisha. Rudia.

mama_kashe
Hapo kwenye tail umegonga penyewe. Wengi wanatazama ukubwa wa faili tu.

NusuSaa
Pabaya kuliko pote si pale panapotokea kosa. Ni pale pasipotokea chochote: tangazo linasema kazi inaendelea chinichini, dakika 20 zinapita, bado inaendelea.

Sababu ni hii. Ukibonyeza, kazi inaingia kwenye foleni, kisha saiti inajipigia yenyewe kupitia admin-ajax.php ili kuisukuma fungu kwa fungu. Saiti ya majaribio iliyofungwa kwa nywila ya seva inajijibu 401, yaani inajifungia mlango yenyewe. Kama wp-config.php ina `DISABLE_WP_CRON` na hakuna kroni ya seva (ratiba ya kazi za kujiendesha) iliyowekwa badala yake, basi hata kile kikumbusho cha kuiamsha foleni iliyolala hakipo.

Wakati huo kurasa kadhaa zimeshabadilishwa na nyingine bado. Ukurasa wa mwanzo unapendeza, za ndani nafasi kati ya safu zimepotea. Mtu anadhani ni kashe (nakala za muda za kurasa), anafuta kashe mara tano.

Dawa yake: usitumie kitufe. Ingia terminali:

`wp elementor update db`

Hii haingoji foleni. PHP ya terminali kwa kawaida haina kikomo cha muda, ya kivinjari huanza na sekunde 30. Ikimaliza, nenda kwenye Zana za Elementor uzalishe upya mafaili ya CSS, yaani ya mwonekano (yale ya uploads/elementor/css, `post-` na namba ya ukurasa), halafu `wp cache flush` kama saiti inaweka kashe kwenye Redis. Mpangilio huohuo. Ukianza na kashe, inajaza tena CSS ya zamani.

mstari_mmoja
401 hiyo 😩 ndiyo yenyewe.

Kitasa
Mateso yote haya ya nini? Zana za Elementor zina kurudi toleo la nyuma. Bonyeza, maisha yaendelee.

mama_kashe
Ndugu yangu Kitasa, hiyo inarudisha mafaili ya plugini tu. Databesi inabaki vilevile ilivyokwisha kubadilishwa.

Kitasa
Mara nyingi kurasa zinafunguka vizuri tu.

mama_kashe
Zinafunguka, hadi mtu ahifadhi. Wijeti ambayo toleo la zamani haliitambui haionekani kwenye kihariri. Ukihifadhi, imekwenda. Kurudi nyuma ni plugini na databesi pamoja, au usirudi.

jembe_la_php
Njia ya mkato: fungua wp_options, andika toleo jipya kwenye `elementor_version`. Tangazo linaondoka.

NusuSaa
Mbiu umeizima, jambo limebaki. Namba hiyo ndiyo inayoamua hatua zipi ziendeshwe. Ukiibadilisha kwa mkono, hatua zinarukwa kimyakimya.

oda_hewani
Mnazungumzia nafasi za safu, hamjataja maduka. Kazi inafanywa kwenye saiti ya majaribio siku 2, kila kitu safi, kisha databesi nzima inasukumwa kwenye saiti ya moja kwa moja. Oda zote za siku 2 zimefutika. Pesa ya mteja imeingia, oda haipo, na wateja wapya waliojisajili nao hawapo.

mstari_mmoja
Yesu na Maria.

Kitasa
Si wangesukuma wp_posts na wp_postmeta peke yake?

oda_hewani
Mkuu, kwenye duka la zamani oda zinakaa humohumo wp_posts! Duka lililofunguliwa upya tangu toleo la 8.2 la WooCommerce, plugini ya maduka, ndilo linaziweka wp_wc_orders, na hata hapo namba za ID zinaweza kugongana. Majaribio ni ya kujua kitakachovunjika tu. Ukijua, sasisha plugini upya kwenye saiti ya moja kwa moja, uendeshe amri palepale. Databesi isivuke kutoka huku kwenda kule.

mama_kashe
Sawa kabisa. Na Elementor ya msingi kwanza, Pro (ile ya kulipia) baadaye.

jembe_la_php
Mimi nasema zote kwa pamoja, dakika moja tofauti yake nini?

mama_kashe
Tofauti yake ni kujua nani kavunja.

NusuSaa
Ikifa na ukurasa mweupe, washa `WP_DEBUG` na `WP_DEBUG_LOG` kwenye wp-config.php, usome wp-content/debug.log. Ukiona kumbukumbu imekwisha, weka WP_MEMORY_LIMIT 256M. Ile 40M ya kuanzia haibebi kurasa ndefu.

mstari_mmoja
Anayebonyeza kitufe na anayepokea simu za mteja wawe mtu mmoja. Uangalifu utakuja wenyewe.

oda_hewani
fundi_kurasa, amri yako ya juu inaiacha bakapu ndani ya public_html, folda inayofikika mtandaoni. Yeyote atakayekisia jina la faili anapakua databesi yote, pamoja na barua pepe za wateja.

fundi_kurasa
Kweli. Isomeke `wp db export ../kabla.sql`, na `tail -1 ../kabla.sql`. Waliokwisha kunakili ile ya kwanza, ihamisheni sasa hivi.