Tupeane uzoefu: halmashauri za Uingereza zinavyowatoza wazazi wetu huduma za matunzo

Mkazi wa Leicester
Ndugu zangu, mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, walezi walikuja nyumbani asubuhi na jioni bila malipo, nasi tukaamini kwamba ndivyo itakavyoendelea. Kumbe huduma hiyo ya kumrudishia mgonjwa nguvu kwa kawaida huwa bure hadi wiki 6 tu, kisha halmashauri hupima uwezo wake wa kifedha. Sasa tumeletewa ankara. Wenzangu mlifanyaje?

Mama wa Reading
Hata kwetu, dada, ankara ilifika kabla ya maelezo.

Mwana wa Tanga
Umenikumbusha mambo niliyokuwa nimeyazika. Baba yetu, ambaye ni mjane, alipoanza kupoteza kumbukumbu na ikaonekana wazi kwamba atahitaji kuhamia nyumba ya wazee, mdogo wangu alimshawishi aiandikishe nyumba yake kwa jina lake huyo mdogo. Halmashauri ilipouliza historia ya nyumba, iliamua kwamba ilitolewa ili kukwepa malipo, ikamhesabia baba kana kwamba bado anaimiliki. England, mwenye mali inayozidi paundi 23,250 hujilipia gharama zote. Baba hakuwa na kitu benki, lakini kwenye karatasi alikuwa tajiri. Wakati huo mdogo wangu alikwisha kuiweka nyumba rehani. Tulifanya kikao kwa simu, wa Tanga, wa Muscat na sisi wa huku, na shangazi alipomuuliza mwenzetu fedha ziko wapi, akakata simu.

Mzee wa Milton Keynes
Pole sana. Angesubiri miaka 7, nyumba isingeguswa.

Mhasibu Mstaafu
Hapana, kaka. Miaka 7 inahusu kodi ya mirathi. Katika malipo ya matunzo hakuna muda wa namna hiyo: halmashauri huangalia nia, na kama mtu alikuwa na sababu ya kutarajia kwamba atahitaji matunzo. Tena, chini ya sheria ya matunzo ya mwaka 2014, aliyepokea mali anaweza kudaiwa yeye.

Mzee wa Milton Keynes
Mimi niliambiwa na mwanasheria.

Mhasibu Mstaafu
Basi ulimuuliza habari za kodi.

Binti wa Pwani
Huyo mdogo wako aliulipa mkopo? Tumalizie habari jamani.

Mlezi wa Usiku
Turudi kwa dada wa Leicester. Mama akihudumiwa nyumbani kwake, thamani ya nyumba anayoishi haihesabiwi. Akihamia nyumba ya wazee huhesabiwa, isipokuwa kama anaishi humo mwenzi wake au, kwa mfano, ndugu mwenye miaka 60 au zaidi. Posho yake ya ulemavu huingizwa katika mapato, kwa hiyo orodhesha gharama zote zinazotokana na ugonjwa, kama vile nguo zinazofuliwa kila siku na umeme wa kupasha nyumba joto, kisha udai tathmini irudiwe. Kama maradhi yenyewe ndiyo mzigo mkubwa, omba apimwe ili NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, igharamie matunzo yote, maana hapo halmashauri haimtozi.

Mama wa Reading
Mimi ningelipa kwanza, nilalamike baadaye. Deni halilali.

Mlezi wa Usiku
Usilipe usichokielewa, mama. Andika barua ya kupinga kwanza.

Mswahili wa Glasgow
Hamieni huku. Uskoti wazee hawatozwi huduma za kuogeshwa na kulishwa tangu 2002. Mvua tu ndiyo mtaivumilia.

Mkazi wa Cardiff
Wales tunatozwa, ila huduma za nyumbani hazizidi paundi 100 kwa wiki.

Mhasibu Mstaafu
England waliahidiwa kikomo cha malipo ya matunzo cha paundi 86,000 kwa maisha yote, nacho kikafutwa Julai 2024. Hata hivyo, halmashauri ya Hammersmith and Fulham, huko London, iliondoa malipo ya huduma za nyumbani mwaka 2015, kwa hiyo ulizeni halmashauri zenu utaratibu wao.

Binti wa Pwani
Bado tunamsubiri Mwana wa Tanga.

Mwana wa Tanga
Halmashauri ilimwandikia mdogo wangu mwenyewe, na sasa analipa kwa mafungu. Harusi ya bintiye sikualikwa.