Albamu za hip hop andagraundi za 2025: nina hela ya mbili tu, ninunue zipi?

Kisigino wa Msamvu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtu wa hip hop wa siku nyingi, enzi za kurudisha kaseti nyuma mpaka mistari yote ikae kichwani. Baadaye majukumu yakanibana, nikabaki kusikiliza kile redio inachonipa. Sasa nimepata nafasi nataka kurudi, ila kila nikifungua orodha za huko mitandaoni nakutana na majina mia, na kila moja wanasema ndiyo kazi bora ya mwaka. Nachanganyikiwa.

Nawatafuta wa andagraundi, yaani Wamarekani wasiopigwa redioni, wanaotoa kazi wenyewe au kupitia lebo ndogo, na iwe imetoka mwaka huu wa 2025. Za nyumbani nafuatilia mwenyewe, huko sina shida. Nataka mtu anayechana na ana kitu cha kusema. Kunung'unika dakika mbili juu ya biti ya trap halafu kwaheri, hapana. Kiingereza changu ni cha shule ya kata: nikisoma naelewa, ila misemo ya mitaa ya Brooklyn inanipita kushoto. Na nataka kununua kihalali. Nina elfu hamsini na kitu, kwa hesabu yangu ni albamu mbili.

Nasikilizia kwenye simu, usiku, nikiwa lindoni. Msinitajie ishirini. Nitajieni moja moja na sababu.

Chizi Mistari

Clipse, Let God Sort Em Out. Uzi ufungwe.

Bibi wa Santuri

Chizi, swali umelisoma au umeona neno hip hop ukakimbilia kuandika? Clipse wamezalishiwa na Pharrell, prodyuza mwenye jina kubwa, na Julai nzima dunia ilikuwa inawazungumzia wao. Albamu nzuri, sibishi. Lakini mwenzetu kaomba wasiopigwa redioni.

Chizi Mistari

Haya, Alfredo 2 ya Freddie Gibbs na The Alchemist. Hiyo nayo mtaikataa?

Bibi wa Santuri

Alfredo ya kwanza, ya 2020, ilifika mpaka kuteuliwa Grammy. Wewe ita andagraundi ukipenda, mimi nimekaa pale.

Mtoto wa Ngarenaro

Mkuu Kisigino, achana nao hao. Ya kwanza kununua ni Golliwog ya billy woods (jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, msije kunisahihisha). Imetoka Mei 9 kupitia Backwoodz Studioz, lebo yake mwenyewe aliyoianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Huyu jamaa ana historia ambayo sisi huku tunaweza kuielewa haraka kuliko wengi wanaomchambua. Mama ni Mjamaika, baba alikuwa msomi wa Zimbabwe aliyerudi kwao baada ya uhuru wa 1980. Woods akakulia huko mpaka baba alipofariki, familia ikarudi Marekani mwishoni mwa miaka hiyo ya 80. Ndiyo maana albamu yake ya 2012, History Will Absolve Me, kava lake ni picha ya Mugabe. Sura yake mwenyewe huwezi kuiona. Kwenye picha na video anaificha, miaka yote.

Golliwog ni yule mwanasesere wa kubeza watu weusi, alitokea kwenye kitabu cha watoto cha Kiingereza mwaka 1895. Woods anasema alipokuwa na miaka 9 aliandika hadithi kuhusu mwanasesere huyo akiwa mwovu, mama yake akaisoma na kumwambia haina jipya, ni ya kuigiza. Sasa mtoto kakua, karudi na hadithi ileile kwa nyimbo 18.

Maprodyuza wanabadilika karibu kila wimbo: Kenny Segal, The Alchemist, El-P, Preservation, Conductor Williams, mpaka Shabaka Hutchings wa jazi. Kwa mtu mwingine albamu ingetawanyika. Hapa wote wanavuta upande mmoja, upande wa woga. Kuna wimbo unaitwa Waterproof Mascara: Preservation kachukua kilio cha mwanamke akakifanya ndiyo biti. Kilio hakikatiki mpaka mwisho, na woods anachana juu yake kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya polisi. Nimejaribu kuuruka huo wimbo kila nikisikiliza albamu, nashindwa.

Kutisha kwake si kwa mapepo. Ukoloni upo, vita vipo, kodi ya nyumba ipo, ndoa inayovunjika ipo. Unaweza kucheka mstari mmoja na unaofuata ukakufanya uzime simu.

Njiru Mtaani

Buda, unampea mlinzi albamu ya kutisha asikize saa tisa usiku peke yake na rungu? Huyo atawacha kazi kabla ya wimbo wa nne 😂

Kisigino, chukua Showbiz! ya MIKE. Ilitoka Januari 31 kwa lebo yake, 10k. Bado ni kijana, hajafika 30, lakini anachana kama mzee. Alizaliwa New Jersey, mama yake alikuwa Mnaijeria, akaishi London akiwa mdogo, sai ni mtu wa New York kabisa. Biti nyingi anatengeneza mwenyewe akitumia jina la dj blackpower. Anachukua soul ya zamani, anaikatakata mpaka inazunguka vibaya hivi, lakini kichwa yako inaifuata tu. Mama alipofariki alimtolea Tears of Joy mwaka 2019, na hiyo ilikuwa nzito sana. Hii ya mwaka huu ni ya mtu ambaye amelia akamaliza, sasa anahesabu safari na pesa na marafiki.

Kingine nampendea: amekuwa akifanya tamasha la bure kwenye bustani huko Brooklyn, linaitwa Young World. Hakuna tiketi. Unakuja tu.

Kisigino wa Msamvu

Mkuu Njiru, nimeipitia juu juu. Nyimbo 24 na nyingi fupi kweli kweli. Si ndiyo nilikuwa nazikimbia?

Njiru Mtaani

Ulisema hutaki kunung'unikiwa juu ya trap. Hapa hakuna trap. Usisikize wimbo mmoja mmoja, hizo zimeshikana. Weka mwanzo, iache iende. Ukitafuta wimbo wa kurudia utaona ni kama hakuna kitu, na kosa litakuwa lako.

Binti Mkandaa

Habari zenu wakaka. Naona mnamrushia mwenzenu marapa wa kufumbua mafumbo wakati kasema wazi Kiingereza kinampita.

Kisigino, Magic, Alive! ya McKinley Dixon. Imetoka Juni 6, dakika kama 35 tu. Huyu anatokea Richmond, Virginia. Muziki wake unapigwa na watu: pembe, nyuzi, ngoma zinazodundwa na mtu mwenye jasho. Anachana kwa kasi lakini neno linasikika. Na ana hadithi: watoto watatu wamefiwa na rafiki yao, wanatafuta uchawi wa kumrudisha. Albamu nzima inazunguka hapo. Huhitaji kujua misemo ya Brooklyn kuelewa kufiwa na mwenzako wa kucheza naye.

Ni msomaji pia. Albamu yake ya 2023 aliiita Beloved! Paradise! Jazz!?, ambayo ni majina ya riwaya tatu za Toni Morrison yamepangwa mstari. Ukimaliza hii utajikuta unatafuta na hiyo.

Kasoro ninayoiona ni moja: kuna mahali bendi inampanda juu na sauti yake inazama. Kwa simu bila spika za masikioni utaikosa nusu.

Bukavu–Minneapolis

Salamu toka Minneapolis, ndugu zangu. Mimi napigia debe ya nyumbani kwangu hapa: Black Hole Superette ya Aesop Rock, Mei 30, chini ya Rhymesayers. Hii lebo imeanza hapa mjini 1995 na mpaka leo haijauzwa kwa wakubwa. Aesop mwenyewe ni wa Long Island, lakini hapa tunamhesabu wetu.

Biti zote katengeneza yeye. Mada? Ana wimbo mzima juu ya konokono waliozaliana kwenye tangi lake la samaki mpaka wakamshinda. Ukisikiliza vizuri unajiuliza kama ni konokono kweli.

Ila sitamdanganya Kisigino. Mwaka 2014 kuna mtu alihesabu msamiati wa marapa, akachukua maneno 35,000 ya mwanzo ya kila mmoja. Aesop aliongoza wote, maneno tofauti zaidi ya 7,000. Mimi niko huku miaka na bado namsikiliza nikiwa nimefungua mashairi pembeni. Kama ni cha kununua kwanza, hapana. Kama ni cha kujifunzia lugha, ndiyo.

Dkt. Kimya

Hakuna aliyetaja Live Laugh Love ya Earl Sweatshirt? Imetoka Agosti 22, haifiki nusu saa. Lebo yake Tan Cressida inasambazwa na Warner, kampuni kubwa, kwa hiyo Bibi anaweza kunipiga faini. Kubali.

Namtaja kwa sababu ambayo watu wa Dar wangepaswa kuijua zaidi. Baba yake ni Keorapetse Kgositsile, mshairi wa Afrika Kusini na mtu wa ANC. Alipokimbia makaburu mwanzoni mwa miaka ya 60 alipitia Dar es Salaam, akaandika hapo, kisha akaenda Marekani. Katikati ya miaka ya 70 akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. The Last Poets, lile kundi la washairi wa Harlem ambao marapa wengi wanawahesabu kuwa babu zao, walichukua jina lao kwenye shairi la huyu mzee. Halafu mtoto wake akawa rapa. Mzee alifariki Januari 2018, na mwishoni mwa mwaka huohuo Earl akatoa Some Rap Songs, ambayo ndani yake kaunganisha sauti ya baba akisoma shairi na sauti ya mama akitoa hotuba. Mzee hakuwahi kuisikia.

Hii ya sasa ni nyepesi. Earl mwenyewe ni mzazi, anacheka, anajitania. Lakini anameza maneno. Kwa bajeti ya albamu mbili nisingeanza nayo. Sikiliza ya 2018 kwanza, ndipo ya mwaka huu utaielewa tofauti.

Chizi Mistari

Mnamchosha mwenzenu na hesabu za hela. Zote ziko YouTube bure.

Bibi wa Santuri

Kasema anataka kununua, Chizi. Na kwa watu hawa ina maana. Kwa Bandcamp, tovuti ambako wasanii wanauza muziki wao wenyewe, kwenye albamu ya kidijitali wanakata asilimia 15, inayobaki ikitolewa gharama za malipo inakwenda kwa msanii au lebo. Kwa woods au MIKE, ambao lebo ni zao, ndiyo mshahara wenyewe. Huko kwingine kwa kusikiliza mtandaoni tu, mpaka wimbo usikilizwe mara elfu ndipo apate hela ya chai na vitumbua.

Kisigino, bei ya albamu nyingi huko huwa kama dola 10, yaani elfu 25 hivi. Zipo Ijumaa chache kwa mwaka, utaratibu ulioanza Machi 2020 wakati wa korona, ambapo Bandcamp hawakati asilimia yao. Kama huna haraka, subiri mojawapo. Na kabla ya kulipa sikiliza, wanakuruhusu kuipiga albamu mara kadhaa bila kununua.

Kwa mashairi, kurasa nyingi za Bandcamp zinayaweka chini ya wimbo. Ushauri wangu: mara ya kwanza usisome kitu. Mara ya pili soma. Misemo usiyoijua iache ipite, kwa billy woods hata Wamarekani wenyewe wanabishana.

Na niruhusuni kutoka nje ya mada. Si ya mwaka huu, lakini anayependa maneno hawezi kumkosa Ka. Alikuwa kapteni wa zimamoto New York, mzaliwa wa Brownsville, anarekodi akitoka kazini na kusimama mwenyewe mtaani kuuza albamu zake. Ngoma kwenye biti zake unaweza usizisikie kabisa, ni yeye na kinanda cha mbali. The Thief Next to Jesus ilitoka Agosti 2024, anahojiana na kanisa na historia ya watu weusi. Oktoba 12 akafariki, miaka 52. Wewe ni mtu wa lindo la usiku, huyo ni wako kuliko wote waliotajwa hapa.

Kisigino wa Msamvu

Wakuu, nimesoma yote. Bibi umeniharibia bajeti kwa makusudi.

Nimezionja jana usiku. Golliwog nimefika kwenye huo wimbo wa kilio nikasimama kukagua geti wakati hakuna aliyebisha. Naichukua. Ya pili ni Magic, Alive!, Binti Mkandaa umeniweza, ile bendi sijasikia kitu kama hicho tangu nimeanza kusikiliza. MIKE ni mwisho wa mwezi ujao pamoja na Ka. Aesop nampisha kwanza.

Sasa msaada wa mwisho: kadi yangu ya benki inagoma kulipia nje. Na nikishalipa napakua aina gani? Wananipa majina kama saba na simu yangu ina nafasi kidogo.

Mtoto wa Ngarenaro

Kadi: tengeneza ile ya Visa ya mtandaoni kupitia M-Pesa, iwekee hela inayozidi bei kidogo kwa sababu ya makato na mabadiliko ya dola. Mimi ndiyo natumia.

Kupakua: chagua MP3 V0, faili lililobanwa lisile nafasi. FLAC, lisilopunguza ubora wa sauti, ni nzuri ila albamu moja inakula mamia ya MB, na kwa spika za simu hutasikia tofauti. Ukipata kompyuta baadaye unarudi kupakua FLAC bila kulipa tena, inabaki kwenye akaunti yako.

Njiru Mtaani

Na hiyo ya woods, sikiza mchana mara ya kwanza. Nakushauri kama ndugu.