Prado 120: kuna faida ya kufunga propela shafti ya alumini badala ya ya chuma?

Dereva wa Nala

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaishi Dodoma na ninatumia Toyota Prado modeli ya 120 yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV na giaboksi ya automatiki. Kazi zangu hunipeleka mara kwa mara Farkwa, Kibakwe na vijiji vya upande wa Mtera, ambako ukishaiacha lami unakutana na changarawe, mawimbi ya barabara na makorongo ya mchanga. Kwa sababu hiyo niliinua gari kwa sentimita 5 kwa kufunga springi ndefu. Tangu wakati huo, nikifika mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, sakafu inatetemeka, hasa ninapokanyaga mafuta kupanda mlima.

Muuzaji mmoja wa spea wa Dar es Salaam ananishauri niagize kutoka nje propela shafti ya nyuma ya alumini, yaani lile bomba linalozunguka na kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma). Anasema kwa kuwa ni nyepesi itaondoa mtetemo, gari litachomoka haraka na ulaji wa mafuta utapungua. Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo naomba wenye ujuzi wanieleze iwapo ahadi hizo zina msingi.

Mhandisi Mstaafu

Ndugu Dereva, tuanze na uzito, maana ndio unaouzwa hapo. Tuseme shafti ya chuma ina kilo 10 na ya alumini ina kilo 6. Umepunguza kilo 4 katika gari linalozidi kilo 2,000. Muuzaji atakujibu kwamba kitu kinachozunguka huhesabiwa zaidi ya uzito wake, na hapo hasemi uongo, lakini shafti ni bomba jembamba ambalo chuma chake kiko sentimita tatu na nusu hivi kutoka katikati. Ukipiga hesabu kwa difu ya 3.9 (shafti huzunguka mara 3.9 tairi likizunguka mara moja) na tairi za 265/65R17, nyongeza inayotokana na mzunguko ni takriban nusu kilo tu. Jumla ya unachookoa haifiki robo ya debe la maji. Ukitaka kuhangaika na uzito unaozunguka, angalia tairi na rimu, kwa sababu kilo moja iliyo kwenye mzingo wa tairi huhesabiwa karibu kama kilo mbili gari linapoongeza mwendo. Watu wengi hufunga tairi nzito za matope kisha wakatafuta wepesi kwenye shafti.

Kuna hoja nyingine ambayo huenda umeisikia au utaisikia, kwamba alumini huvumilia mizunguko mingi zaidi kabla shafti haijaanza kupepesuka katikati. Mizunguko hiyo ya hatari hutegemea urefu na kipenyo cha bomba, pamoja na uwiano wa ugumu wa madini kwa uzito wake. Alumini ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma, lakini pia hupindika kirahisi karibu mara tatu, kwa hiyo uwiano huo unakaribiana sana. Bomba la alumini lenye urefu na kipenyo kilekile halina la ziada. Faida huja kipenyo kikiongezwa. Nyuzi za kaboni ndizo zenye uwiano bora kweli, na ndiyo sababu Nissan GT-R, ambayo giaboksi yake iko nyuma, imefungwa shafti ya aina hiyo. Gari lako likiwa kilomita 100 kwa saa, shafti inazunguka takriban mara 2,660 kwa dakika. Shafti ya urefu wa mita moja na nusu yenye kipenyo cha milimita 76 haijafika hata nusu ya kikomo chake katika mizunguko hiyo.

Jambo ambalo mimi lingenitia wasiwasi ni nguvu ya kusokota. Injini yako, ikiwa ni ile ya nyutoni-mita 410, ukiwa gia ya kwanza (3.52) na gia ndogo ya transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma (2.57), inaweza kupeleka takriban nyutoni-mita 3,700 kwenye shafti ya nyuma iwapo umefunga (lock) difu ya kati iliyo ndani ya transfa na magurudumu ya mbele hayana mshiko. Hali hiyo si ya kufikirika kwa mtu anayevuka makorongo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupe kwa maandishi kiwango cha nguvu ya kusokota ambacho shafti yake inavumilia.

Fundi wa Kizota

Namuunga mkono mzee wetu, lakini mtetemo wa ndugu huyu hautokani na uzito. Umeanza baada ya kuinua gari, na unazidi anapokanyaga mafuta. Hiyo ni dalili ya pembe za krosi, vile viungo viwili vya kupinda kwenye ncha za shafti. Prado 120 ina ekseli ngumu nyuma inayoshikwa na mikono, yaani vyuma vinavyoiunganisha na chasi. Ukiinua bodi, ekseli inashuka na pua ya difu inageuka, kwa hiyo pembe ya krosi ya mbele na ile ya nyuma hazilingani tena. Krosi mbili hufutiana mabadiliko ya mwendo pale tu pembe zake zinapokuwa sawa. Zikitofautiana, mwendo unaofika kwenye difu huharakishwa na kucheleweshwa mara mbili katika kila mzunguko, na hapo hata uifunge ya dhahabu itatetemeka.

Dawa yake ni mikono ya nyuma inayorekebishika, ili difu irudi kwenye pembe yake. Kama mtetemo ungekuwa uleule ukikanyaga au ukiachia mafuta, ningekuambia ukapime balansi ya shafti.

Kibakwe Kila Wiki

Kwa barabara zetu mimi nisingeweka alumini wala kaboni. Jiwe likiipiga shafti ya chuma na kuipinda, fundi wa leithi anaweza kukata bomba, kuchomelea jingine na kulinyoosha. Alumini iliyotiwa ugumu kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mahali ilipochomelewa, na mashine za kuichomelea vizuri si za kila gereji. Bomba la kaboni likishapasuka nyuzi, ni la kutupa. Nunua krosi nzuri zenye niplo za grisi, kwa sababu kila ukipiga grisi mpya vumbi la zamani linasukumwa nje.

Dereva wa Nala

Nawashukuru sana. Fundi, je, ninaweza kuthibitisha mwenyewe kabla ya kununua hiyo mikono?

Fundi wa Kizota

Inawezekana, mkuu. Simamisha gari mahali tambarare likiwa juu ya tairi zake, wala usilipige jeki, kwa sababu ekseli ikining'inia vipimo vyote vitakudanganya. Tumia kipima pembe, hata cha kwenye simu, upime flanji ya transfa (sahani ambayo shafti imefungwa kwa bolti), bomba la shafti, kisha flanji ya difu. Tofauti kati ya flanji ya transfa na shafti ilingane na tofauti kati ya shafti na flanji ya difu. Zikiachana zaidi ya digrii moja hivi, umeshapata mchawi wako.

Ukitaka uhakika zaidi, fungua shafti ya nyuma, funga difu ya kati, uendeshe kwa magurudumu ya mbele mwendo mfupi kwenye lami iliyonyooka. Mtetemo ukitoweka, tatizo liko kwenye shafti hiyo au pembe zake. Kabla ya kuifungua, chora alama ya rangi kwenye flanji zote mbili ili irudi vilevile ilivyokuwa, maana ukiigeuza unaweza kuongeza tatizo la balansi ambalo hukuwa nalo. Na wakati iko mezani, zungusha kila krosi kwa mkono. Ikikwama au ikicheza, ibadilishe kwanza, kisha pima upya ndipo uagize mikono.