Mrejesho: shule binafsi ya kidato cha tano, Mbeya

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kumpatia mdogo wangu shule binafsi ya kuaminika, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), hapa Mbeya. Nawashukuru wote, hasa aliyesisitiza nianze na namba ya kituo cha mtihani cha NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na kusoma matokeo ya kidato cha sita ya miaka kadhaa kabla ya kutazama majengo, kwani shule moja yenye mabango ya kuvutia tuligundua haina hata kituo chake. Ile ya Uyole tuliyoichagua ina maabara inayotumika kweli: bureti (mirija ya kupimia vimiminika) zilikuwa bado zimelowa na madaftari ya vitendo yamesahihishwa. Kuhusu ombi letu la kulipa ada kwa awamu nne, wamekubali mbili tu, jambo linalotubana.